Ali Mazrui: Mtoto wa Kadhi Aliyebishana na Ulimwengu

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya Profesa Ali Al'amin Mazrui, msomi wa siasa aliyezaliwa hapa Mombasa. Mmoja wa waandalizi alinisihi, kwa nia njema kabisa, nibaki kwenye yale ya heshima: vyeo vyake, vitabu vyake, vyuo alivyofundisha. Vyeo hivyo ni vingi na alivipata kwa haki, lakini sitavisoma. Mtu huyu aliishi miaka 81, na karibu hamsini katika hiyo aliipitisha akibishana hadharani: na watawala, na wanazuoni wenzake, na maofisa wa serikali ya Marekani, na mshindi wa tuzo ya Nobeli. Tukimsifu huku tumeuficha ubishi wake, tutakuwa tunamsifu mtu mwingine.

Nina rai moja ninayotaka kuitetea mbele yenu. Wasomi wa siasa wanamchukua Mazrui kuwa wao, na huitaja dini yake kama jambo la nyumbani kwake tu. Waislamu wa mwambao nao wanamchukua kuwa mtoto wa Sheikh, na nadharia zake za siasa wanawaachia wa vyuoni. Mimi nasema huwezi kumgawa hivyo. Ugomvi wake mkubwa karibu wote, ukiufuata hadi chimbuko lake, utaukuta unarudi kwenye swali alilozaliwa nalo hapa Mombasa: watu wa dini mbalimbali na sheria mbalimbali wataishi vipi chini ya dola moja, na nani mwenye haki ya kuwahukumu?

Tuanze nyumbani. Ali alizaliwa tarehe 24 Februari 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Vijana huenda hawajui jinsi mwambao huu ulivyokuwa wakati ule. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiutawala kwa mapatano ya 1895. Bendera ya Sultani ilipepea na amri ilitoka kwa Mwingereza. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu zilikwenda kwa kadhi. Mengine yalikwenda kwa hakimu wa Serikali. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kadhi Mkuu alizifahamu sheria mbili na watawala wawili kabla hajajua kwamba duniani kuna somo liitwalo siasa.

Na nyumba hiyo haikuwa ya kimya. Sheikh Al-Amin aliwasoma akina Muhammad Abduh na Rashid Rida, wanazuoni waliohimiza mageuzi ya Kiislamu kule Misri, akaona Waislamu wa pwani wamelala. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na 1932 Al-Islah. Humo aliwakemea walioiga Wazungu katika ulevi na mavazi huku wakiiacha elimu yao, na aliwakemea vilevile Waislamu walioshika mila ambazo yeye aliona hazina msingi katika dini. Najua wamo humu ambao babu zao walikhitilafiana naye juu ya hayo, nami sikuja kuyafufua. Nataka mwone tu kwamba Ali alikulia kwa baba ambaye kwake kuandika kulikuwa ni kumwita asiyekubaliana naye aje ajibu.

Baba alitamani mwanawe asome Al-Azhar, chuo cha Kiislamu cha Cairo. Alifariki Ali akiwa na miaka 14. Kisha matokeo ya shule yakatoka, nayo hayakuwa mazuri: daraja la tatu, na Makerere hawakumchukua. Akapata kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hapo ndipo alipopewa nafasi ya kuhutubia katika sherehe ya Maulidi, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Gavana Philip Mitchell. Karani yule alimzungumzia Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, kwa namna iliyomshangaza Gavana, na mlango wa masomo ya Uingereza ukafunguka kutokana na hotuba hiyo. Mada ilikuwa dini na msikilizaji alikuwa dola. Yaliyomo katika maisha yake yote yalikuwamo tayari siku ile.

Safari ya masomo nitaipita haraka: Huddersfield 1955, Manchester alikomaliza 1960 kwa sifa ya juu, Columbia kule New York 1961, na Oxford alikopata udaktari 1966. Kijana aliyekataliwa na Makerere kama mwanafunzi aliingia Makerere 1963 kama mhadhiri, na kabla udaktari wenyewe haujakamilika alikuwa ameshafanywa profesa.

Kampala ya miaka ile, jamani, ndiyo niionayo mimi kuwa saa yake njema. Palikuwa na jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961, na kurasa zake hazikumwogopa mtu. Februari 1966 wanajeshi walimpindua Kwame Nkrumah, Rais wa Ghana. Vijana wa Afrika Mashariki walikuwa na huzuni na hasira. Katika hali hiyo Mazrui akachapisha makala iliyosema kwamba Nkrumah alitaka kuwa Lenin wa Afrika huku akijifanya Zari wa Ghana, yaani alikuwa mwanamapinduzi kama Lenin wa Urusi na mfalme kama wale Mazari aliowafuata Lenin, kwa wakati mmoja. Wengi waliona ni kumtukana mtu aliyekwisha anguka. Ukiisoma leo utaona kwamba hakuukana ukubwa wa Nkrumah kwa bara la Afrika. Aliukataa ufalme wake kwa Waghana. Kuyatenga mambo hayo mawili kulihitaji ujasiri, kwa kuwa wakati ule ilitakiwa umsifu mtu mzima au umtupe mzima.

Mwaka uliofuata, wino wa Azimio la Arusha haujakauka, aliwageukia wasomi wa Ulaya na Marekani waliokuwa wamelewa mapenzi ya Tanzania. Akawaambia wanaiangalia nchi ya watu kama ndoto yao wenyewe. Hakumdharau Mwalimu Nyerere. Alimheshimu sana kwa akili yake. Lililomkera ni kwamba kosa ambalo wasomi hao wasingelisamehe kwao, Tanzania walilifumbia macho.

Mwaka 1968 serikali ya Milton Obote ilimtia ndani Neogy pamoja na mbunge Abu Mayanja, kwa maandishi yaliyochapishwa katika Transition. Mhariri wake akiwa amekwishaona jela, Mazrui hakuacha kusema. Mwaka 1970 alikutana na Walter Rodney katika mdahalo ambao waliouhudhuria Makerere waliusimulia kwa miaka mingi. Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alishikilia kwamba mzizi wa shida za Afrika ni ubeberu na mfumo wa kibepari, na msomi asiyesema hivyo anaulinda. Mazrui hakuukana ubeberu, ila alikataa kwamba ndiyo maelezo ya kila kitu, na alikataa katakata kwamba uhuru wa kusema ni anasa itakayosubiri ukombozi. Vijana wengi walikuwa upande wa Rodney. Naisikia hoja ya Rodney na naiona ina nguvu hata leo. Lakini miezi michache baadaye, Januari 1971, Idi Amin alitwaa Uganda. Mwaka 1972 Waasia wakafukuzwa, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka akachukuliwa na kuuawa, na Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, akatoweka asionekane tena. Uhuru wa kusema uliodhaniwa ni anasa ulipokufa, ulikufa pamoja na watu. Mwaka 1973 Mazrui aliondoka Uganda, na mwaka uliofuata alianza kazi Chuo Kikuu cha Michigan.

Huko Marekani ndiko dini ilikopanda juu katika kazi yake. Mwaka 1979 shirika la BBC lilimwalika kutoa mihadhara ya Reith, mihadhara sita ya redio juu ya hali ya Afrika. Humo alisema jambo ambalo hadi leo linawashtua watu: kwamba Afrika nayo itafute uwezo wa nyuklia, na akaitaja Nigeria, na Zaire (Kongo ya Kinshasa ya leo), na Afrika Kusini itakapokuwa chini ya watu weusi. Alidai kwamba mataifa makubwa hayataziacha silaha hizo mpaka zimefika kwenye mikono wanayoiogopa. Mimi siikubali hoja hii. Nchi iliyoshindwa kuwapa watu wake maji safi haiwi na usalama zaidi kwa kumiliki bomu. Naitaja kwa sababu inaonyesha swali lake lilelile la nani ana haki ya kumhukumu nani. Aliona dunia iliyowaruhusu wachache wawe na silaha na kuwahubiria wengine amani, na hakuivumilia.

Halafu ikaja 1986 na ile filamu ya sehemu tisa, The Africans: A Triple Heritage. Hoja yake wengi mnaijua: Mwafrika wa leo amerithi mapande matatu, mila za asili, Uislamu, na Ukristo pamoja na mambo ya Magharibi. Mazrui hakuwa wa kwanza kuyaona mapande hayo. Edward Blyden, msomi wa Liberia, aliandika juu ya Ukristo, Uislamu na mtu mweusi mwaka 1887, na Nkrumah aliyatamka matatu hayo mwaka 1964. Lakini Mazrui aliyatia katika televisheni, akasimama mwenyewe mbele ya kamera, na akaisema Magharibi kwa lugha yake yenyewe. Mfuko wa serikali ya Marekani wa taaluma za kibinadamu ulikuwa umechangia kiasi cha dola 600,000. Mwenyekiti wake, Lynne Cheney, alipoiona kazi hiyo alisema ni shutuma dhidi ya Magharibi, akataka jina la mfuko liondolewe kwenye filamu. Gumzo hilo liliifanya filamu itazamwe na watu ambao wasingeijua.

Shutuma iliyomchoma zaidi, kwa kadiri nionavyo, haikutoka Washington. Ilitoka kwa Wole Soyinka, mwandishi Myoruba wa Nigeria, ndiye yule mshindi wa Nobeli niliyemtaja. Mwaka 1991 na 1992 walirushiana makala katika Transition, nyingine zenye maneno makali ambayo watu wa umri wao wangeweza kujizuia nayo. Soyinka alisema kwamba Mazrui anazitaja dini za asili kwa heshima ya mdomoni tu, na kwamba moyo wake uko kwa Uislamu, ambao anaupitisha kama mwenyeji ilhali nao uliingia Afrika kama mgeni.

Wenzangu, hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa jambo hili linatuhusu sisi kuliko Wanaijeria.

Kwa upande mmoja Soyinka hakumtendea haki. Mazrui aliandika mara nyingi kwamba katika dini tatu za Afrika, iliyo na uvumilivu mkubwa zaidi ni ile ya asili. Haikutuma wamisionari, haikupigana vita ili kumlazimisha jirani abadili mungu wake. Alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba Waislamu na Wakristo wa Afrika wanavumiliana kuliko wa kwingineko kwa sababu chini ya dini zao kuna udongo huo wa zamani. Mfano alioupenda ni Senegali: nchi ambayo zaidi ya watu tisa katika kumi ni Waislamu, ilitawaliwa miaka ishirini na Mkatoliki, Léopold Senghor, 1960 hadi 1980, na hakuna aliyekwenda barabarani kudai aondolewe kwa ajili ya ubatizo wake. Wakati huo Marekani, akikumbusha, ilikuwa imemchagua Mkatoliki mmoja tu tangu kuzaliwa kwake. Mtu anayesema hivyo hawezi kuitwa mhubiri wa dini moja.

Kwa upande mwingine Soyinka aliligusa jeraha la kweli, nalo ni utumwa. Mazrui aliizungumzia biashara ya watumwa ya Bahari ya Atlantiki kwa ghadhabu, na mwaka 1992 aliingia katika jopo la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililodai fidia kwa ajili yake. Alipofika kwenye utumwa wa Waarabu sauti ilishuka. Alieleza, na ni kweli, kwamba mtoto wa Mwarabu na mjakazi alihesabiwa Mwarabu, akarithi, na hata akaweza kutawala, wakati Marekani mtoto wa bwana na mtumwa alibaki mtumwa. Maelezo hayo yanamfaa mtoto. Yule mama aliyenunuliwa hayamfai kitu. Sisi tuko mwambao. Kilwa, Bagamoyo na Zanzibar hatuzisomi vitabuni tu, na ukoo wa Mazrui wenyewe ulitawala Mombasa hadi 1837 katika jamii iliyokuwa na watumwa majumbani na mashambani. Mtu mwenye ujasiri wa kumwita Nkrumah Zari alitakiwa awe na ujasiri huohuo nyumbani kwao. Nasema haya nikiwa ninampenda, na sioni njia nyingine ya kumheshimu mtu aliyeamini katika hoja.

Mwaka 1989 dunia ilipowaka kwa ajili ya riwaya ya Salman Rushdie, The Satanic Verses, ambayo Waislamu wengi waliiona inamtukana Mtume, Mazrui alisimama mahali ambapo hakuna upande uliompigia makofi. Hukumu ya kifo ambayo Ayatollah Khomeini wa Iran alimtolea Rushdie, Mazrui aliipinga. Lakini aliwaambia Wamarekani katika Chuo Kikuu cha Cornell kwamba wasijifanye hawaelewi hasira ya Waislamu, maana nao wana kitu wanachokiita uhaini na wanakiadhibu vikali. Kwao uhaini ni dhidi ya dola; kwa Waislamu wengi umma wa dini ndio unaosalitiwa. Waliomsikia kule Magharibi walisema anatetea ukandamizaji. Baadhi ya Waislamu walisema amelegea. Kwangu ile ni hotuba ya mtoto aliyeona mahakama mbili mtaani kwao, akajua kila moja ina mantiki yake mbele ya watu wake.

Makosa makubwa aliyoyafanya, na hili silifichi, ni ya 1994. Somalia imevunjika, Rwanda imechinjana, naye akaandika kwamba sehemu za Afrika zilizooza zinahitaji ukoloni wa wema. Alikusudia usimamizi wa pamoja, na alipendelea nchi kubwa za Afrika zenyewe ziwe wasimamizi wa nchi zilizoanguka. Archie Mafeje, msomi wa Afrika Kusini, alimjibu 1995 kwa ukali ambao sijapata kuona kati ya wasomi wawili wa bara hili, na katika kiini cha jambo Mafeje alikuwa sahihi. Hakuna mkoloni aliyekuja akijiita mwovu. Wote walikuja na wema. Rwanda yenyewe iliharibiwa na Wabelgiji walioandika kabila la mtu kwenye kitambulisho. Hata hivyo swali aliloliuliza Mazrui, kwamba dola ikiwaua raia wake majirani wafanye nini, halikujibiwa na Mafeje. Waulizeni watu wa Kongo mashariki.

Niwarudishe Kenya. Mnakumbuka zogo la mahakama za kadhi kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Makanisa mengi yalisema kuziweka katika Katiba ni kuipendelea dini moja, na mwezi Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikubaliana na hoja hiyo. Waislamu walijibu kwa kutaja mapatano ya 1963 kati ya Sultani na serikali ya Kenya, yaliyoahidi kwamba makadhi watabaki mwambao ukiunganishwa na nchi. Katiba ikapita, na kifungu cha 170 kinachozitambua mahakama hizo kipo. Lakini mjadala ule ulikuwa wa kutunishiana misuli. Upande mmoja ulidai dola isiyojua dini, mwingine ulidai ahadi ya zamani. Mazrui alikuwa ameshaonyesha tangu miaka mingi njia ya tatu: dola isiyo ya dini moja, isiyojifanya haioni dini, inayoziheshimu zote na kuzipa nafasi zote. Kama viongozi wetu, mapadri kwa masheikh, wangekuwa wameisoma hoja hiyo, tungebishana kwa faida.

Hawakuisoma. Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Sheikh Al-Amin aliandika kwa Kiswahili, ndiyo maana aligombana na mchukuzi wa bandarini na mwenye duka na imamu, wote wakimjibu. Mwanawe aliandika vitabu zaidi ya ishirini, aliandika hata juu ya Kiswahili chenyewe na nguvu zake katika siasa za Afrika Mashariki, karibu vyote kwa Kiingereza. Aligombana na London, na Lagos, na Washington. Mwaka 2003 maofisa wa uwanja wa ndege wa Miami walimshikilia kwa saa kadhaa, mzee wa miaka 70, wakimhoji hadi juu ya jihadi. Mwaka huohuo Kenya ilimfanya Mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Marekani ilimwogopa na Kenya ilimvika joho, lakini mama muuza mahamri wa Kibokoni, mtaa alikotoka mtu huyu, hajapata kupewa ukurasa wake mmoja aukubali au aukatae. Alipofariki Oktoba 2014 kule jimbo la New York aliletwa akazikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus, kama alivyotaka. Watu walijaa. Wengi wa waliobeba jeneza walijua kwamba alikuwa mkubwa, bila kujua alisema nini.

Kwa hiyo nimekuja na ombi. Ile mihadhara sita ya 1979 ni mifupi, kila mmoja ulisomwa redioni kwa nusu saa hivi. Nataka tuipate kwa Kiswahili, mhadhara mmoja kila mwezi, kwa idhini ya wanaostahiki kuitoa, na kila ukitoka tukutane hapahapa tuubishie. Tuanze na ule wenye mambo ya nyuklia, ambao nimeshawaambia siukubali, na ningependa nimsikie kijana mmoja akiutetea mbele yangu. Baada ya hapo tuchukue majibizano yake na Soyinka, na tumwalike mtu wa imani ya Kimijikenda, mzee wa kaya, yaani wa ile misitu yao mitakatifu, akae meza ya mbele aseme yeye mwenyewe kama dini yake ilitendewa haki, badala ya Mwislamu na Myoruba kumsemea.

Ninao watafsiri wawili waliokwisha kukubali. Nahitaji wanne zaidi, na mmoja wao awe anajua vizuri lugha ya sheria. Aliye tayari anione hapa mbele kabla ya Alasiri.